Kitasa cha Chumbani

9 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na zikikukuta umeinama juu ya karai lako la kufulia, nyoosha mgongo kwanza uzipokee vizuri. Huku tu wazima. Binti yetu mkubwa tumbo limeshaonekana, anakula kila kinachopita mbele yake, na mumewe amegeuka mpishi. Paa la jikoni linavuja palepale. Cherehani yangu ilikuwa inaruka nyuzi, nimeipeleka kwa fundi, sasa imetulia. Na mlango wa chumbani kwetu haufungi hadi leo. Nimeolewa na fundi kufuli, mtu anayefungua makabati ya chuma ya watu na kuchonga funguo za mtaa mzima, lakini kitasa cha chumba chake mwenyewe kimekufa miaka mingi, na mlango tunauzuia kwa kiatu. Ukimwona mwambie hata kiatu kimeanza kuchoka.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kaka yako aliniaga mwezi wa kwanza, akasema amepata kazi ya kubadilisha vitasa vya bweni la wanafunzi huko kwenu, atakaa kwako wiki sita, basi. Wiki sita zimekwisha. Nikipiga simu unapokea wewe, halafu nasikia unaiziba kwa kiganja, mnanong'onezana, ndipo anakuja yeye na sauti ya mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Karatasi haina mtu wa kukaa pembeni akisikiliza.

Juzi jirani yetu, dereva wa lori la saruji, kaniletea furushi kutoka kwenu. Nikafurahi, nikajua nimekumbukwa. Kumbe ni suruali zake mbili na ujumbe: zipanuliwe kiuno. Wifi, mwanamume huyu namshonea tangu uchumba. Kiuno chake hakijawahi kunisumbua. Amekula kwangu miaka yote hiyo asinenepe, kaenda kwako miezi miwili tu, kiuno kimefumuka. Nani anamlisha? Usiniambie ni wewe. Mapishi yako nayajua, na yeye anayajua zaidi, ndiyo maana alioa mapema.

Nimezipanua. Nimeacha na kitambaa cha akiba ndani, maana naona huyo mpishi hajamaliza kazi yake. Lakini nijibu kama mwanamke mwenzangu: kuna mtu?

Wifi yako wa cherehani

*

2 Aprili

Wifi,

Barua yako imekaa juu ya kabati siku nyingi. Kila nikishika kalamu, naitwa. Mimi mzima, isipokuwa mikono. Hospitali hapa nyuma wameniongezea mashuka ya kufua, na mashine yangu moja imechagua wakati huu kugoma, kwa hiyo nimerudi kwenye karai kama zamani. Msalimie binti yetu. Mwambie akijifungua wa kike, shangazi yupo na jina lake halijachakaa.

Mdogo wangu hajambo. Asubuhi anakwenda kazini, mchana anapumzika. Suruali zimemtosha, anashukuru. Mtu hakuna. Mpishi ni mimi, na kama unataka kujua, sahani inarudi tupu. Jana alicheka mpaka akashika mbavu nilipomkumbusha siku aliyojifungia ndani ya kabati, utotoni, ili ajaribu kufuli alilolitengeneza mwenyewe. Tukavunja kabati. Tangu mume wangu afariki, nyumba hii haijasikia mtu akicheka hivyo. Nakwambia kwa sababu umeuliza anavyoishi.

Mengine usiniulize. Unajua kwetu tulimwita Komeo tangu mdogo, akishafunga hafunguki. Kazi ya bweni imeongezeka na sijui itakwisha lini.

Anaomba umshonee shati. Liwe la kitambaa laini, kile kilichokwisha kufuliwa mara nyingi kama unacho. Liwe pana kifuani, na usiweke mfuko wa kifuani. Rangi yoyote.

Wifi yako wa dobi

*

29 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Huku hatujambo. Binti anahesabu siku, miguu imemvimba, viatu vyake navaa mimi. Paa usiniulize.

Sasa sikiliza. Nina wivu. Nasema hivyo hivyo, wala sitauvalisha nguo nyingine. Unaniandikia kwamba mume wangu anacheka kwako mpaka anashika mbavu. Kwangu, miezi ya mwisho kabla hajaondoka, alikuwa analala ameuelekea ukuta, na nikimuuliza ana nini, ananijibu ukuta hauna neno. Kicheko alikihifadhi, akaja kukifungulia kwako.

Na dereva wa lori kaniambia alichokiona. Alimwona kaka yako akitoka kwenye geti la nyuma huko kwenu na mwanamke wa gauni jeupe, kijana, amemshika kiwiko taratibu. Kaka yako huyu huyu ambaye mimi nikimshika mkono sokoni ananiambia joto! Usinijibu kwamba dereva haoni vizuri. Lori lake linatembea barabarani kila siku na halijagonga mtu.

Shati nimelishona, liko kwenye furushi. Nimelishona kwa vipimo vya siku zote. Kifua cha mume wangu nakijua, nimekilalia, na hakijawahi kuongezeka hata unene wa kidole. Kama kuna mwanamke amezoea kuegemea hapo na mshono wa mfuko unamkwaruza shavu, hilo ni lake. Mfuko nimeuweka. Nimeuweka na kifungo.

Nakumbuka siku ya harusi yetu. Ulilia kuliko mama yangu, na yeye ndiye aliyekuwa anatoa binti. Ulinikabidhi kaka yako kama mtu anayeazimisha sufuria, macho yananiambia irudi bila kovu. Haya, sufuria yako umeipata. Niambie tu ni nani mwingine anaipikia.

Wifi yako wa cherehani

*

11 Mei

Wifi,

Sisi wazima. Nyie natumaini wazima.

Shati limefika. Lilimbana. Nilimwambia alivue, akasema, "Mke wangu amelishona." Kashinda nalo kutwa nzima, vifungo vimekaza, na alipolivua hakuweza hata kulalia kifua kwa maumivu. Mfuko wako nimeufumua mwenyewe kwa wembe. Usiniulize kwa nini kifua kinamuuma.

Mwanamke wa gauni jeupe ni nesi. Magauni yake nafua mimi, na doa la wino la mfukoni mwake nalijua kuliko uso wake. Ana mume, ana mapacha, na hana muda. Alikuwa anamsaidia mdogo wangu kuvuka barabara. Mtu mzima havushwi barabara?

Na habari ya sufuria. Mimi mtoto huyu nilimlea tangu mama yetu alipofariki, nikiwa mwenyewe sijui hata kusuka nywele zangu. Harusini nililia kwa sababu nilijua nitabaki kupewa salamu. Ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo, ni lini mlimwacha aje kukaa kwangu japo wiki? Leo kanijia mwenyewe kwa miguu yake. Sitakuomba radhi kwa kumfungulia mlango.

Mjukuu akizaliwa atakuja kumwona. Nimemwambia ni lazima.

Wifi yako wa dobi

*

20 Juni

Wifi,

Mjukuu amezaliwa, wa kike, mzima, ana vidole virefu vya kutunga uzi na sauti ya kuuza magazeti. Mama yake hajambo. Jina la shangazi limezungumzwa, halijaamuliwa.

Kaka yako alikuja. Alikaa siku moja. Alimbeba mtoto, akalia. Wifi, mtu huyu hakulia misibani, lakini alimlilia mtoto wa watu aliyekuwa amelala zake, mpaka mkwe wetu akatoka nje kwa aibu. Mimi nikasema, hayo ni machozi ya mtu anayeaga. Nilikuwa nimetandika kitanda chetu shuka mpya. Akasema mgongo unamsumbua, atalala kwenye kochi sebuleni. Alfajiri nikamfuata. Dirisha wazi, ameloa kama aliyetoka mtoni, na nilipomgusa bega akaruka kama nimemmwagia chai. Nilipomaliza kuwasha jiko, alikuwa ameshaondoka.

Kwa hiyo maneno yangu na wewe yamekwisha. Ukurasa wa pili ni wake. Mpe asome.

*

Baba watoto,

Sitakuuliza ni nani. Nimechoka kuuliza watu wanaonijibu habari za vitasa. Nakupa mpaka mwisho wa Agosti. Rudi nyumbani ukiwa mzima, mume wangu kama nilivyokujua, kwenye kitanda chako, au usirudi kabisa. Mwezi wa tisa ukianza nahamishia cherehani kwa binti yetu, na funguo za nyumba nitaziacha juu ya meza yako ya kazi. Mimi sikuolewa na mgeni wa sebuleni.

Mkeo

*

17 Agosti

Wifi,

Mjukuu namwombea afya, na mama yake. Leo salamu zangu ni fupi, nisamehe. Nina neno nililokatazwa kulisema, nililiapia kaburi la mama yetu, na sasa nalivunja. Mama atanielewa.

Mumeo anaumwa. Alikuja kwangu mwezi wa kwanza kwa sababu naishi nyuma ya hospitali. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa muda mrefu na haja ndogo ilikuwa inamtesa, akakuficha. Wakampima. Ni saratani ya tezi dume, na walipoigundua ilikuwa imeshatoka ilipoanzia, imefika kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alimweleza waziwazi kwamba haiondoki tena, lakini inaweza kutulizwa, na watu huishi nayo. Ugonjwa huu unalishwa na homoni za kiume. Kwa hiyo kila miezi mitatu anachomwa sindano ya kuzishusha homoni hizo. Ugonjwa ukikosa chakula, unalala. Kwake ulilala. Kipimo cha damu kilishuka, mgongo ukapoa, ndiyo maana ulisikia anacheka.

Lakini sindano inashusha na mengine. Sasa soma mwenyewe barua zako upya. Kiuno kimeongezeka, mikono imepungua nyama. Kifua kimejaa na kinauma kikiguswa. Joto linampanda ghafla, anatota jasho hata kukiwa na baridi. Machozi yako karibu. Na hamu ya mwanamke imezimika, wifi, imezimika kama taa. Hiyo ndiyo iliyomweka kwenye kochi lako. Alitandikiwa shuka mpya na hakujua aseme nini juu yake. Bweni lipo, vitasa alibadilisha siku chache, kwisha. Siku nyingine zote alikuwa hapa ananikunjia mashuka.

Ukurasa wako aliusoma amesimama kwenye meza yangu ya kupigia pasi. Aliukunja, akautia mfukoni, akaniuliza kama maji ya moto yapo. Mwezi wa saba, siku ya sindano ya tatu, akavaa shati lako lile linalombana, akaniaga anakwenda kuchomwa. Akarudi anapiga mluzi. Mimi nikaamini. Mluzi ule ulinidanganya mimi niliyemfundisha kuupiga.

Jana nesi kaja kuchukua magauni yake, akaniuliza, "Dada, mbona mgonjwa wetu hakuja? Tunampigia simu hapokei."

Nikamfuata chumbani. Akaniambia, "Mke wangu amesema nirudi mzima. Nitarudi mzima." Amejipigia hesabu kwamba sindano ya zamani ikimwisha mwilini, nguvu zitarudi kabla Agosti haijakwisha, akutane na wewe akiwa mwanamume uliyemwoa, halafu ndipo aendelee na dawa. Nesi anasema nguvu hazirudi hivyo kwa wiki chache. Kinachorudi haraka ni ugonjwa. Na umerudi. Sasa anavaa viatu akiwa amekaa, ameng'ang'ania meza, jasho la maumivu linamtoka. Wamembembeleza hospitali, nimempigia magoti mimi, dada yake. Hataki.

Hilo linanichoma, na nitakwambia ukweli wake. Miezi yote hii nilidhani nimempata mdogo wangu. Nilikuwa naamka nimefurahi. Kumbe alikuwa kwangu kama nguo iliyofuliwa, inasubiri mwenyewe aje kuichukua. Maneno yangu elfu hayamwingii, karatasi yako moja yuko tayari kufa nayo. Basi mwandikie nyingine. Fanya haraka.

Wifi yako wa dobi

*

22 Agosti

Wifi,

Sina salamu. Wote wazima, ujue hivyo.

Barua yako imenikuta nakata gauni la mteja. Nimelikata bega moja likawa fupi, na sijajali. Nimekaa sakafuni katikati ya vitambaa mpaka majirani wakaja kuuliza.

Kwa hiyo mwanamke ni wewe. Miezi yote hii namtafuta kwenye mageti ya watu, kumbe ameshika pasi. Wewe ndiye uliyejua. Wewe ndiye uliyemfuta jasho, wewe uliyemshika akilia. Wivu niliokuwa nao kwa yule wa gauni jeupe ulikuwa mchezo wa watoto, huu ndio wenyewe. Mwanamke wa njiani angenichukulia mume akiwa mzima. Wewe umenichukulia akiwa mgonjwa, na upande huo nilijua ni wangu peke yangu.

Tutagombana nikifika. Kwanza mpe kipande hiki, na usimame hapo mpaka amalize kukisoma.

*

Baba watoto,

Nilisema urudi mzima kwa sababu nilidhani umeshiba kwingine. Yale yalikuwa maneno ya mwanamke mwenye wivu, na wewe umeyameza kama dawa ya daktari. Yateme. Neno langu la leo ndilo hili: nataka mtu wa kugombana naye asubuhi. Nataka mtu wa kuniambia cherehani inapiga kelele. Yale mengine tumeyafaidi ujana wetu wote, watoto ni mashahidi, na tukiyakosa nitayalilia mbele yako, siyo nyuma yako. Kachomwe sindano yako. Nakuja Jumamosi na lori la saruji. Nikikuta hujachomwa nitamwomba nesi anikabidhi mimi hiyo kazi, na unajua nikishika sindano sibembelezi kitambaa.

Mkeo

*

19 Oktoba

Wifi yangu,

Sasa salamu ninazo, nyingi, na nyingine za akiba. Asante kwa kunipokea, asante kwa chakula, ingawa chumvi ilizidi. Ugomvi wetu wa jikoni kwako naukumbuka kwa furaha. Ulinitolea maneno makali na mwiko mkononi, nami nikakujibu, kisha tukalia wote wawili tukiwa tumeshikilia sufuria moja. Mumeo marehemu angekuwepo angetunyang'anya ile sufuria.

Habari za mgonjwa wako, maana najua ndizo unazozitafuta tangu mstari wa kwanza. Ile sindano uliyomsindikiza kuchomwa kabla sijafika imefanya kazi, mgongo umetulia, anavaa viatu akiwa amesimama. Karatasi za daktari wenu nimezipeleka hospitali ya hapa, wamezikubali, na sindano inayofuata atachomwa kwetu mwezi ujao. Kipimo cha damu kinashuka tena. Mjukuu akimwona babu yake anacheka kwa fizi zote.

Nimempima upya, kuanzia shingo mpaka kifundo cha mguu. Alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa. Kifua kimeongezeka, mikono imepungua, nimeandika nilivyoona, vipimo vya zamani nimevifuta. Nimemshonea mashati matatu ya kitambaa laini, mapana, yasiyo na mfuko. Mtaani wanasema nimemnenepesha. Nawaacha waseme, sifa ya bure haikataliwi.

Tunalala kitanda kimoja. Yale mengine hayapo, na sitakudanganya kwamba siyakumbuki. Nayakumbuka sana, siku nyingine kwa hasira. Lakini ana mgongo wake, nami nina wangu, tunaiegemeza mpaka usingizi uje.

Sasa kuna jambo, nakuuliza huku nimeuma meno. Joto likimpanda anaamka, ananikwepa, anakimbilia bafuni, anajifungia. Anarudi ameloa. Nikimfuata mlangoni ananiambia, "Acha tu, hili dada analijua." Dada anajua nini? Nikimuuliza, Komeo amejifunga. Nilimnunulia feni, akaiangalia kwa huruma, akasema, "Dada hakuwa anafanya hivyo." Wifi, nilitamani kuipiga feni ile teke. Ulikuwa unamfanyia nini? Kitambaa cha maji? Unampepea? Unamwimbia nyimbo za mama yenu? Niambie, nami nitafanya hivyo hivyo. Mtu nimemchukua lakini naona funguo umebaki nazo wewe.

Mwisho nikupe habari njema. Kisanduku chake cha vifaa amekifungua tena! Ameniahidi kwamba akishachomwa sindano ya mwezi ujao atatengeneza kitasa cha chumbani. Kipya ameshakichagua, cha shaba, tena kina komeo la ndani. Miaka yote nimelia na mlango ule, leo ndiyo kanisikia.

Wifi yako wa cherehani

*

6 Novemba

Wifi yangu,

Nimefurahi kusikia anavaa viatu akiwa amesimama. Mashine yangu imepona, na mikono inaendelea kupona. Nesi anawasalimu, doa lake la wino bado tunapambana nalo. Mjukuu mbusu kwa niaba yangu, na hilo jina mliamue kabla hajaanza kujichagulia. Chumba cha mdogo wangu nimekiacha kama kilivyo. Nikipita na mashuka nakichungulia, kisha najiona mjinga.

Swali lako nililisoma nikacheka. Halafu nikaikunja barua, nikasema, hapana, hili sitoi. Mtu umemchukua, suruali umezichukua, hata kikombe chake cha bati ulikitia kwenye furushi ukadhani sikuona. Hili moja liwe langu. Nimekaa nalo wiki mbili nikijiona tajiri. Leo nimechoka kuwa tajiri peke yangu.

Siku ile alipofika kwangu, kabla hata hajafungua begi, alitoa vifaa vyake akafunga komeo kwa ndani kwenye mlango wa chumba chake. Wewe hukuliona. Asubuhi ile uliyokuja na lori aliling'oa, akaziba matundu ya skrubu kwa sabuni yangu ya kufulia ili usijue. Joto lilipokuwa linampanda, aliingia humo akajifungia. Nilikuwa nabisha. Akisema, "Dada, nenda," naenda. Nikirudi nasikia anajipepea kwa gazeti, nasikia maji, siku nyingine nasikia analia. Uliniandikia kwamba nilimfuta jasho. Wifi, jasho lake sijawahi kuligusa likiwa mwilini mwake. Nililifua tu, kwenye mashuka.

Siku moja nikachoka kurudi jikoni. Nikavuta kigoda changu, nikakaa nje, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango. Nikaanza kusema upuuzi. Nikamsimulia mteja anayeleta soksi za mguu mmoja, nikamsimulia madoa. Baada ya muda nikahisi mlango unanisukuma mgongoni. Alikuwa amekaa chini, upande wa pili, naye ameegemea. Tukawa tunafanya hivyo kila joto likija. Na unajua alikuwa anasema nini yeye? Wewe. Jinsi unavyokata uzi kwa meno na mkasi uko mapajani. Jinsi unavyoimba nyimbo ukikosea maneno, na ukisahihishwa unaimba kwa nguvu zaidi. Jinsi unavyokipanga kile kiatu mlangoni kama askari wa zamu. Mimi nampikia, namfulia, namficha, na shukrani yangu ni kukaa sakafuni nasikiliza sifa zako kupitia ubao. Ulidhani mwenye wivu ni wewe peke yako?

Hiyo ndiyo siri ya dada. Hakuna kitambaa, hakuna wimbo. Nilimwomba mara nyingi anifungulie, hakunifungulia hata siku moja.

Sasa juu ya kitasa hicho cha shaba chenye komeo la ndani unachokifurahia. Kifiche, wifi. Kisanduku cha vifaa kitie chini ya vitambaa vyako, mahali asipoweza kuinama. Mwambie umebadili mawazo, mwambie kiatu kinatosha. Na bafuni pia angalia, kama kuna komeo, ling'oe, uzibe matundu kwa sabuni. Mimi nilikaa nje kwa sababu mlango wangu ulikuwa unafungwa. Wako haufungi. Joto likimpanda, sukuma uingie.

Wifi yako wa dobi